Sipro na Maziwa ya Baba Mkwe

Kwanza tuelewane: mimi si daktari. Mtaa mzima wa Majengo unaniita Docta, hata padri wetu, na nimechoka kukanusha. Nilikuwa muuguzi, kisha kwa miaka mingi zaidi nikawa mtunza dawa katika kituo kidogo cha afya, nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkeno, ambamo mtu akiingia na viatu vizito chupa zote rafuni zinaitikia. Sasa nimestaafu. Ninalima vitunguu kwenye udongo ulioletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, gunia kwa gunia, maana hapa Goma mwenye kutaka bustani huanza kwa kutafuta udongo.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi mmeniomba niwaandikie habari za antibiotiki, ipi inafanya nini na itolewe lini. Nitaandika, ila ninavyokumbuka. Anayetaka mpango mzuri ana vitabu. Na kabla sijafika mbali niwaambie kabisa ninakoelekea: mimi mwenye kufundisha wenzangu miaka yote hiyo, nilifanya kosa lililokaribia kumpeleka kaburini baba mkwe wangu, na nililifanya kwa mikono miwili, huku nikitabasamu. Tutafika huko. Kaeni vizuri.

Nilipoanza kazi, wagonjwa walikuwa wakiomba dawa kwa rangi. Hawakujua majina, na hapo sikuwalaumu, maana hata mimi majina yalikuwa yananikwama kooni. Siku moja akaja mama mmoja na mtoto wa kikohozi.

"Nipatie ile ya rangi mbili," akasema. "Nyekundu na manjano. Ile ilimuponyesha mutoto wa jirani."

Nikageukia rafu, nikaona kopo la kapsile nyekundu na manjano, nikaanza kuhesabu. Mkono ukanishika kwa nyuma. Ulikuwa wa Mama Stefania, muuguzi mkuu wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Unamupatia nini?"

"Rangi mbili, Mama."

"Mbwa iko na rangi mbili. Ngombe iko na rangi mbili. Utakamua yote?"

Mama yule akacheka, na mtoto naye akacheka, akakohoa. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kopo lile lilikuwa la tetrasiklini, dawa isiyopewa mtoto mdogo kwa sababu hukaa ndani ya meno yanayokua na kuyatia madoa ya kahawia. Ile iliyomponya mtoto wa jirani ilikuwa amoksisilini, iliyovaa koti lilelile nyekundu na manjano kwenye kopo la pili. Kiwanda kinapaka rangi kinayotaka. Tangu siku hiyo nasoma jina, kisha nasoma tena, na nikishamaliza nasoma mara ya tatu nikimkumbuka ng'ombe wa Mama Stefania.

Mama huyo hakuwa mtu wa kufundisha kwa karatasi. Wiki ileile mafundi walikuwa wanajenga ukuta wa kituo kwa mawe. Akanitoa nje, akanisimamisha juani.

"Angalia," akasema. "Mikrobe nayo inajenga ukuta. Penisilini inafanya nini? Inaiba simenti. Fundi anapanga mawe, anapanga mawe, simenti hakuna. Ukuta unaanguka, maji inaingia, mikrobe inapasuka."

"Na kama fundi amepumzika?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye kichwa. "Basi mwizi wa simenti hana kazi. Juu ya ile, dawa inafuata saa. Mikrobe iko inajenga kila saa, na weye dawa yako iwe pale kila saa. Si asubui moja, kesho usahau."

Ndugu zake penisilini ni wengi. Ampisilini na amoksisilini ni wa ukoo huo, na seftriaksoni ile ya sindano ni binamu yao. Wote ni wezi wa simenti. Mtoto mwenye nimonia anayehema haraka, amoksisilini ndiyo ya kwanza mkononi. Seftriaksoni mwachieni mgonjwa mzito. Najua mtaani kila mtu anataka sindano, maana kidonge kinaonekana ni dawa ya maskini, lakini ukiita askari wote kwa mwizi wa kuku, siku ya mwizi wa kweli watakuja wamechoka.

Ukoo wa pili huingia jikoni. Kijidudu naye anapika, anatengeneza nyama ya mwili wake. Doksisiklini na eritromisini wanafunga jiko: kijidudu hafi papo hapo, anakaa na njaa, na askari wa mwili wanakuja kummaliza. Azitromisini ni mdogo wa eritromisini, mpole zaidi kwa tumbo. Jentamisini naye huingia jikoni, ila yeye hafungi, anaharibu chakula, na mlaji anakufa. Ni mkali huyo. Ukimwachia siku nyingi bila kumwangalia atagusa figo, atagusa masikio. Namkumbuka mzee mmoja aliyetoka hospitalini akisema kengele ya kanisa imeacha kulia. Kengele ilikuwa inalia.

Kotrimoksazoli ana akili ya peke yake. Kijidudu anahitaji vitamini fulani ambayo sisi tunaipata kwenye sombe na majani mengine. Kijidudu hajui sombe, lazima ajitengenezee, na kotrimoksazoli anakaa mlangoni mwa kiwanda hicho. Mama Stefania alipenda sana kunieleza hilo wakati wa chakula, akiwa na sombe kinywani.

Sipro, ambaye jina lake refu ni siprofloksasini, anafuata kitabu. Kijidudu akitaka kuzaa lazima anakili kitabu cha urithi wake, uzi mrefu uliokunjwa. Sipro anaufunga uzi huo mafundo, anaukata, na kijidudu anakufa na kitabu mkononi. Mkumbukeni huyu. Ndiye aliyeniaibisha.

Sasa mafua. Mafua ni virusi, na virusi ni mpangaji: hana ukuta wake, hana jiko lake, anatumia vya mwenye nyumba. Utamwibia simenti gani? Nimeieleza hii mara nyingi kuliko nilivyosali rozari. Kulikuwa na Mama Jeanne, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kituku, aliyekuja akipiga chafya hadi karatasi zangu zikaruka.

"Docta, nipatie ampi."

"Mama, hii ni mafua. Kunywa maji ya moto, pumzika."

"Nipumzike, na sambaza zangu zitapumzika pia? Zitaoza! Hata mwezi uliopita nilimeza ampi, nikapona."

"Ulimeza ngapi?"

"Mbili. Zile zingine nilipatia dada yangu."

"Dada yako naye alikuwa na mafua?"

"Hapana. Yeye ni mugongo."

Mnacheka, lakini hapo ndipo kijidudu anaposomea. Vidonge viwili huua wale wanyonge na kuwaacha wale wagumu wazae. Nilimnyima ampi, akaninunia wiki mbili, na nikipita Kituku alikuwa akinitafutia samaki mwenye macho mekundu. Nilikula samaki huyo bila kulalamika. Kazi yetu ina gharama zake.

Kipindupindu nacho kikija, watu wanapochota maji ya ziwa yasiyotibiwa, kila mtu anauliza doksi iko wapi. Mama Stefania alikuwa anasimama mlangoni na jagi la maji ya chumvi na sukari. "Kwanza maji! Doksi ni rafiki wa mwisho!" Alikuwa sahihi. Anayeua ni ukavu, na antibiotiki anapewa yule mwenye hali mbaya, kupunguza siku za kuhara. Nimeona watu waliokuja wamebebwa mgongoni wakarudi kwa miguu yao, na kilichowarudisha ni maji tu.

Na metronidazoli, ambaye kazi yake ni wale vijidudu wasiopenda hewa, wa tumboni na kwenye majeraha yanayonuka, na amiba pia. Tulifundishwa kumwambia kila mgonjwa asiguse pombe. Nilimwambia mwalimu wa kwaya yetu, nikamwambia tena. Jumapili ya ubatizo akatapika ndani ya ngoma.

"Nilikuambia usinywe pombe!"

"Docta, sikukunywa pombe. Nilikunywa kasiksi. Kasiksi ni ndizi."

Vijana waliosoma juzi wananiambia tulizidisha, kwamba ugomvi wa dawa hiyo na pombe, iwe ya ndizi au ya chupa, si mkubwa kama tulivyohubiri. Inawezekana. Kamwambieni mwenye ngoma.

Basi tufike kwa baba mkwe.

Mimi ni mtu wa upande wa Bukavu, na mke wangu, Mama Riziki, ni binti wa wafugaji wa Masisi. Baba yake alikuwa Muzee Gakuru, mrefu, mwembamba, kofia haitoki kichwani. Nilipokwenda kumwomba binti yake aliniuliza swali moja tu: "Banasema kwenu munakula sambaza na kichwa yake?" Nikasema ndiyo. Akatazama pembeni kwa muda mrefu. Ng'ombe wa mahari nilitoa, lakini nilinunua kwa watu, sikufuga, na yeye alijua kwa kuwatazama tu. Miaka ishirini baadaye alikuwa bado ananiita "ule wa sambaza."

Aliugua alipokuja Goma kumtembelea binti yake. Homa ya kupanda kila siku, kichwa kinauma, tumbo limejaa, ulimi mweupe. Siku zile tulikuwa tumezoea kupimia tifoidi kwa kile kipimo cha haraka ambacho kila mtu mtaani akipimwa ana "plus mbili", hata mwenye kisigino kilichoteguka. Daktari wetu mpya, msichana makini, hakukitaka. Alichukua damu, akaipeleka maabara kubwa waoteshe kijidudu na kujua ni dawa gani anaiogopa. Wakati wa kungoja akamwandikia sipro. Ilikuwa miaka ile sipro alipokuwa bado na nguvu kwa tifoidi. Siku hizi amechoka sehemu nyingi, na mnajua ni nani aliyemchosha: dada wa mgongo na wenzake.

Muzee alikataa kulazwa. "Ospitali haina ngombe," akasema, kana kwamba nyumba yangu ilikuwa nao. Akalala chumba cha mbele. Mama Riziki akanivuta jikoni.

"Baba Riziki, sikia. Papa akikufa mu nyumba yako, bandugu bangu hawatasema tifoidi. Batasema ule wa sambaza."

"Hatakufa. Nitampa dawa mimi mwenyewe."

Na nilimpa. Asubuhi ya kwanza nilileta kidonge na glasi ya maji. Muzee akaitazama glasi.

"Hii ni nini?"

"Maji, Muzee."

"Maji ni ya kunawa. Kwetu mutu akikupatia kitu ya uchungu, anakupatia na maziwa. Hivi umenioa mutoto, hujajua?"

Maziwa yalikuwepo. Jamaa zake wa upande wa Lac Vert walikuwa wakimletea kidumu kila asubuhi kwa pikipiki. Mama Riziki alikuwa na inkongoro, kile kikombe cha mti cha maziwa, alichopewa siku ya harusi, nacho kilikuwa kimekaa kabatini kama picha ya mtakatifu. Nikakitoa, nikakijaza, nikainama, nikampa kwa mikono miwili. Muzee akameza kidonge, akanywa hadi tone la mwisho, akajifuta mdomo. Kisha, watoto wangu, akamtazama binti yake na kusema:

"Kumbe huyu anajua."

Miaka ishirini! Nilifurahi hadi nikasahau jina langu. Jioni nikarudi na inkongoro imejaa zaidi. Kesho yake vilevile. Nilikuwa naamka mapema kuyachemsha maziwa mwenyewe, sitaki mtu mwingine ayaguse. Nilianza hata kutembea kama mfugaji.

Homa haikushuka. Siku ya tatu haikushuka, nikasema tifoidi ina taratibu zake. Siku ya tano muzee alikuwa anaongea na ng'ombe waliokufa zamani, na akikaa kitako anatetemeka. Daktari akaja na karatasi ya maabara, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena, akanigeukia.

"Papa, ni tifoidi ya kweli. Na mikrobe inaogopa sipro vizuri kabisa. Sasa homa inabaki juu ya nini?" Akalibonyeza tumbo la muzee polepole. "Nitangoja siku mbili, basi. Kama haibadiliki tunamupeleka ospitali. Utumbo unaweza kutoboka, na hapo sitakuwa na la kufanya."

Muzee alikuwa amefumba macho, lakini neno hospitali alilisikia. Akaita watu wote. Akaanza kugawa ng'ombe mmojammoja kwa jina: huyu mwenye paji jeupe kwa mwanangu mkubwa, yule mwenye pembe iliyopinda kwa Mama Riziki, ndama wake kwa wajukuu. Ilichukua saa nzima, maana kila ng'ombe alikuwa na historia yake. Alipomaliza akanitafuta kwa macho.

"Na weye, mukwe wangu wa sambaza, nakuachia fimbo."

Akanyoosha mkono, akanipa fimbo yake ya kutembelea. Watu wengine walificha kicheko kwa kikohozi. Mimi nilitoka uani nikalia kati ya vitunguu, na sisemi ni vitunguu vilivyoniliza.

Nilipomaliza kulia, nikakasirika. Kijidudu anaogopa sipro, mgonjwa anameza sipro mbele ya macho yangu, na hapati nafuu. Basi hiyo si sipro. Ni chaki! Nikachukua boksi la vidonge, nikachukua na fimbo yangu ya urithi, nikashuka hadi duka la dawa la Furaha.

Furaha nilimfundisha mimi. Alikuja kituoni kwetu msichana wa shule anayeogopa harufu ya spiriti, akatoka anajua dawa kuliko mimi, na sasa ana duka lake safi Majengo. Sikumwogopa. Niliingia nikapiga fimbo chini mbele ya wateja wanne.

"Furaha! Uliniuzia chaki! Baba mkwe wangu anakufa na boksi yako mkononi!"

Mteja mmoja akarudisha kaunta dawa ya minyoo aliyokuwa ameshika. Furaha hakupandisha sauti. Akachukua boksi, akasoma jina, akasoma namba, akasoma tarehe, akasoma tena, kama nilivyomfundisha. Akatoa boksi lingine la namba ileile.

"Mwalimu, hizi nilimupatia mutu wa figo juzi, amepona. Ziko nzuri. Muzee anameza mara ngapi?"

"Mara mbili kwa siku! Kwa saa yake! Mimi mwenyewe ninampa!"

"Na anameza na nini?"

"Na nini! Anameza kwa heshima! Ninampa kwa mikono miwili, na inkongoro imejaa maz..."

Neno lilikatikia hapo. Furaha aliweka kalamu yake chini polepole.

"Imejaa nini, Mwalimu?"

Hakungoja jibu. Akafungua droo ya chini, akatoa daftari lake la zamani la mafunzo, lenye jalada la bluu lililochanika, akafunua ukurasa, akaligeuza nione. Palikuwa na ng'ombe mwenye miguu mitano, maana sijui kuchora, na juu yake alama kubwa ya msalaba. Chini kulikuwa na mwandiko wangu mimi: SIPRO NA DOKSI HAWAKUTANI NA HUYU.

Mnajua sababu. Maziwa yana madini ya chokaa, yale yanayojenga mifupa. Sipro akiyakuta tumboni anashikana nayo, na wakishikana hawaingii tena kwenye damu. Wanashuka pamoja hadi chooni wameshikana mikono kama wachumba. Tetrasiklini ndivyo alivyo, na doksisiklini kidogo. Sehemu kubwa ya dawa niliyompa muzee ilipita ndani yake kama abiria asiyeteremka. Nilimfundisha Furaha hilo, na wenzake wote, kila mwaka, kwa ng'ombe huyo wa miguu mitano. Halafu nikasifiwa mara moja na baba mkwe, nikasahau yote.

Wateja walicheka, wacha wacheke. Nilimwomba Furaha msamaha mbele yao, kwa sauti ileile niliyomtukania. Akanisindikiza hadi mlangoni na kuninong'oneza, "Mwalimu, kimbia."

Kukimbia kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kumwambia muzee. Kumnyima mzee wa wafugaji maziwa, tena akiwa mgonjwa, tena mkwe, ni afadhali umpige. Nikamwambia Mama Riziki amweleze yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho mikono kiunoni.

"Nani alimupatia?"

"Mimi."

"Basi sema weye."

Nikaingia. Nikapiga goti kando ya kitanda.

"Muzee, nimekosa. Dawa haikufanya kazi kwa sababu yangu. Sipro haitakiwi kukutana na maziwa. Nilijua, na nilikupa."

Akafumbua macho. "Unaninyima maziwa?"

"Si kukunyima, Muzee. Kuyatenga." Nikatafuta lugha atakayoielewa. "Ukiwa na ndama mgonjwa na fahali, utawapitisha mlango mmoja kwa wakati mmoja?"

"Hapana. Atamukanyaga."

"Ndiyo hivyo. Dawa ni ndama. Maziwa ni fahali."

Akafikiri sana, nami nikaona nimeshinda. Kisha akasema kwa sauti nyembamba, "Fahali haitoki maziwa. Hujui ngombe, hata kidogo."

"Basi ni jike, Muzee."

"Jike mwenye pembe."

"Mwenye pembe."

Tukaanza kupatana. Dawa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kwa maji. Maziwa saa sita mchana, katikati, ili wasikutane njiani. Alitaka pia maziwa ya saa nne, tukavutana, nikashinda. Kisha nikaleta glasi ya maji. Akaisukuma kwangu.

"Anza weye."

Nikanywa nusu. Akanichunguza kama mtu anayengoja sumu ifanye kazi. Alipoona nimesimama, akameza kidonge kwa maji yaliyobaki, na uso alioufanya hata jiwe la volkeno yetu ya Nyiragongo lisingemezwa kwa uso ule.

Siku mbili za daktari zilikuwa ndefu. Nilipima homa mara nyingi hadi muzee akasema kipimajoto kile kitaota mizizi kwapani. Asubuhi ya pili homa ilikuwa imelegea kidogo, kiasi kwamba nilimwita Mama Riziki aisome yeye, sikuyaamini macho yangu. Daktari alikuja, akalibonyeza tumbo, akasema tungoje nyumbani. Siku ya tatu muzee aliuliza nani anakamua ng'ombe wake. Nilipiga ishara ya msalaba.

Niwe mkweli: daktari aliniambia pengine homa ingeshuka hata hivyo, tifoidi haina haraka hata dawa ikifika vizuri. Pengine. Mimi sikutamani kuipata hakika hiyo kwa njia nyingine.

Alipopata nguvu, vita vya pili vilianza. Alitaka kuacha dawa na kuficha vidonge vilivyobaki chini ya mto. "Hizi nitapelekea ngombe yangu iko na kikohozi," akasema. Tulimalizia siku zote alizoandika daktari, kimoja kimoja, maji nusu yangu nusu yake. Nadhani hakuna muuguzi aliyewahi kunywa maji mengi kwa ugonjwa wa mtu mwingine kama mimi.

Kabla hajarudi Masisi jamaa zake walikuja kumchukua. Walijaa sebuleni, na wazee walikaa mbele. Muzee akasimama, kofia kichwani.

"Mujue," akasema, "huyu mukwe wangu alininyima maziwa."

Shemeji yangu mkubwa aliweka kikombe chini. Mimi nilitazama mlango, nikapima hatua.

"Alininyima asubui, akaninyima na magaribi," akaendelea. "Na mbele ya pale alinikosea na maziwa yenyewe. Nilikuwa karibu kufa. Sasa sikieni. Waganga banne bamekuja kwangu katika maisha yangu, na docta babili. Bengine baliniponyesha, bengine hapana. Hakuna hata mumoja alipiga goti na kusema 'nimekosa.' Huyu peke yake." Akanitazama. "Ule ndama nilimupatia mujukuu, nimebadilisha. Ni wa mukwe wangu. Jina yake ni Sipro. Na maziwa yake, muikunywe saa sita!"

Sebule ikalipuka kwa kicheko na vigelegele. Mimi nilisema asante, hakuna aliyesikia. Muzee akangoja kelele zitulie, kisha akanyoosha mkono mbele yangu, kiganja juu.

"Na ile fimbo yangu, rudisha. Mimi sijakufa."

Nikamrudishia. Aliitembelea kwa miaka mingi, akinywa maziwa yake anavyotaka, na siku alipoondoka kweli aliondoka kwa uzee, bila homa. Baada ya mazishi watoto wake walinipa fimbo ile imefungwa kwenye kitambaa. Ndiyo ninayoegemea nikienda kumwagilia vitunguu.

Kwa hiyo mkija kwangu, nyinyi wauguzi wadogo, kuniambia dawa fulani haina nguvu tena, msishangae nikigonga fimbo chini kabla sijajibu. Mtaniambia jina la dawa, rangi yake, kiwanda chake. Mimi nitawauliza anameza na nini, na nani anayempa.

Kisha nitawauliza kama huyo anayempa anaweza kupiga goti.